Mikono, Viungo na Daraja za Sala: Mtazamo kutoka Safu za Namanga

Mji wa Namanga, uliokaa chini ya mlima wa Ol Doinyo Orok, una jina moja na dola mbili. Upande mmoja ni Kajiado ya Kenya, upande wa pili ni Longido ya Tanzania, na tangu Disemba 2018, Marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli walipokizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri humaliza shughuli za nchi mbili chini ya paa moja. Barabara kuu itokayo Nairobi hupita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil kabla ya kuufikia mji huo, kisha huendelea hadi Arusha, ikichukua mizigo ya kila namna na watu wa kila asili. Kwa hiyo adhana ya Adhuhuri inapolia, safu inayojipanga nyuma ya imamu haiwi ya mtaa mmoja. Hujikuta pamoja mfanyabiashara Msomali, dereva aliyelelewa katika vyuo vya Mombasa, kijana aliyesomeshwa na masheikh waliorejea kutoka Madina, mzee mwenye asili ya Oman aliyekulia Unguja, na pengine Mhindi wa madhehebu ya Hanafi aliyeshuka kutoka Nairobi kwa biashara yake. Mwenye kuitazama safu hiyo ataona mikono iliyofungwa juu ya kitovu, mikono iliyopandishwa kifuani, mikono iliyoshuka chini ya kitovu, na mikono iliyoachiwa ikining'inia ubavuni; na kama ni mgeni wa dini atadhani watu hawa wanasali sala nne mbalimbali.

Suali la ipi iliyo sahihi katika hali hizi huulizwa kila siku, na aghalabu huulizwa kwa ukali. Rai yangu ni kwamba ukali huo umekosea mahali pa kutua, kwa sababu sheria ya sala imeyapanga matendo yake kwa daraja, na sisi katika mabishano yetu tumeyapandisha ya chini yakawa juu, tukayasahau ya juu mpaka yakawa kama si kitu.

Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu na miongoni mwa Wasomali, huyagawa matendo ya sala mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nguzo, ambazo sala haisihi bila ya hizo, na aliyeisahau moja hana budi kuirejea. La pili ni ab'adhi, yaani sunna zilizotiwa nguvu, kama tahiyatu ya kwanza na kunuti ya Alfajiri, ambazo upungufu wake huungwa kwa sijda mbili za kusahau. La tatu ni hai'a, sunna za sura na namna, ambazo mtu akiziacha amekosa thawabu yake tu, hana dhambi wala hasujudu kwa ajili yake. Kuinua mikono katika takbira, kuifunga, mahali pa kuifungia, namna ya kukunja vidole katika tahiyatu, kukaa juu ya mguu wa kushoto au kuutoa nje: yote hayo yamo katika fungu hili la tatu. Ama nguzo, vitabu vinahitilafiana katika hesabu yake bila ya kuhitilafiana katika maana. Imamu Nawawi katika Minhaji amezihesabu 13, Safinatu Najaa ya Mhadhrami Salim bin Sumair, ambayo watoto wengi wa pwani walianzia elimu yao kwayo, imezihesabu 17, na matini ya Abu Shujaa 18. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni tumaanina, ule utulivu wa viungo katika rukuu, katika itidali, katika sijda na katika kikao cha baina ya sijda mbili, ambao mmoja ameuingiza ndani ya kila nguzo na mwingine ameutenga akauhesabu mbali. Ukiutenga au ukiuingiza, utulivu huo ni faradhi.

Sasa tuitazame mikono yenyewe, maana ndiyo iliyobeba mzigo wa ugomvi. Mshafii hukishika kifundo cha mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, chini ya kifua na juu ya kitovu, akielemea kidogo upande wa moyo. Mhanafi mwanamume huiweka chini ya kitovu, na mwanamke wa Kihanafi juu ya kifua. Na iliyo mashuhuri kwa Mahanbali ni chini ya kitovu vilevile. Wafuasi wa Malik, katika riwaya iliyo mashuhuri kwao, huiachia mikono katika sala za faradhi. Maibadhi huiachia katika zote, wala hawaiinui katika takbira, na Mashia Ithnaashari nao huiachia. Haifai kuficha kwamba kwa hawa wa mwisho jambo hili si la hai'a tu, kwani wengi katika wanazuoni wao huona kufunga mikono kwa makusudi kunaiharibu sala. Basi zile daraja nilizozitaja ni za Kisunni, na mwenye kutaka kuzifanya kipimo cha Waislamu wote atakuwa amejipa ushindi kabla ya shauri.

Na dalili zenyewe zikoje? Kwamba mkono wa kulia huwekwa juu ya wa kushoto, hadithi zake ni sahihi: iko ya Wail bin Hujri kwa Muslim, na iko ya Sahli bin Saad ambayo Bukhari ameipokea kwa njia ya Malik mwenyewe. Lakini mahali pa kuiweka, kitovuni au kifuani, ndipo dalili zinapokonda. Nyongeza inayotaja kifua, iliyomo kwa Ibn Khuzaima, ina mpokezi aliyesemwa vibaya hifadhi yake; na ile inayotaja chini ya kitovu, iliyopokewa kutoka kwa Ali, kwa Abu Daudi, ina mpokezi dhaifu kwa kauli ya wajuzi wa fani hiyo. Tirmidhi, aliyeishi katika karne ya tatu ya Hijria, alikwisha kuandika kwamba wanazuoni wa kale wengine waliiweka juu ya kitovu na wengine chini yake, na kwamba mlango huo kwao ulikuwa mpana. Watu waliokuwa karibu zaidi na zama za Mtume waliuona mpana; sisi tulio mbali tumeufanya mwembamba kama tundu la sindano.

La ajabu zaidi ni habari ya Malik. Ameiandika hadithi ya kufunga mikono katika Muwatta yake, ilhali mwanafunzi wake Ibn al-Kasim amepokea kwake, katika Mudawwana, kwamba aliichukia hali hiyo katika faradhi na hakuona ubaya katika sunna ikiwa kisimamo ni kirefu. Wako wanaoieleza tofauti hii kwa kisa kwamba liwali wa Madina alimpiga mijeledi hata mikono yake isiweze kufungika, na watu wakamwiga bila ya kujua sababu. Kupigwa kwake ni jambo la tarikh; lakini kisa hiki hakitoshi kuwa maelezo, kwani mtu aliyezuiwa na maumivu hatofautishi baina ya faradhi na sunna, na mkono usioweza kufungwa Adhuhuri hauwezi kufungwa usiku katika tahajudi. Maelezo yaliyo karibu na akili ni yale ya baadhi ya Wamalik wenyewe, kwamba alichokichukia ni mtu kuifanya mikono kuwa egemeo la kupumzikia.

Katika nchi zetu mikono hii ilipata kuwa alama ya siasa. Ufalme wa Unguja ulikuwa mikononi mwa Maibadhi, na raia wake walio wengi walikuwa Mashafii. Katika karne ya 19 palikuwa na makadhi wa pande zote mbili, na kwa muda mrefu watu walivumiliana. Lakini mtu aliyetoka katika madhehebu ya watawala akaingia katika ya raia, jambo hilo lilionekana msikitini kabla ya kusikika barazani, maana ile siku aliyoifunga mikono ndiyo siku aliyojitangaza. Mazrui wa Mombasa, waliokuwa Maibadhi kwa asili, wengi wao waligeuka wakawa Mashafii, na Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, aliyezaliwa 1825, alitiwa gerezani na Sayyid Barghash kwa sababu ya kuyapinga madhehebu ya Ibadhi, akatoka baada ya Sultani huyo kufariki mwaka 1888. Hapakuwa na mtu aliyefungwa kwa sababu ya mikono peke yake. Hata hivyo ilikuwa dhahiri kwamba mikono ilikuwa inasoma jina la mwenyewe mbele ya watu.

Mwanawe, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947, aliuelekeza mjadala upande mwingine: kurejea katika Kurani na hadithi, na kuandika kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida asome mwenyewe. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mzanzibari aliyeushika ukadhi huo tangu 1968, aliendeleza njia hiyohiyo. Kisha wakaja vijana waliosoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, na pamoja nao kitabu cha Nasiruddin al-Albani juu ya sifa ya sala ya Mtume. Na ndipo mikono ya kifuani ilipoonekana katika misikiti ambayo haikuijua, kwanza pwani, halafu bara, hata Kitengela, ambako mji wenyewe umekua upesi kwa watu waliohamia kutoka kila pembe na hapana mazoea ya wazee wa kuegemea. Lakini wanaodhani kwamba kurejea katika hadithi kunaondoa hitilafu na wazitazame kauli za masheikh wa njia hiyo wenyewe. Mtu akiinuka kutoka rukuu, mikono yake aifunge tena au aiachie? Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliona aifunge kifuani; al-Albani aliona kwamba kuifunga hapo ni bidaa. Wote wawili walifariki mwaka 1999, wote walikuwa na hadithi zilezile mbele yao, na kila mmoja alimheshimu mwenziwe.

Kuinua mikono kunafanana na hayo. Mshafii huinua katika takbira ya kuhirimia, anapokwenda rukuu, anapoinuka kutoka rukuu, na kwa kauli aliyoichagua Nawawi, anapoinuka kutoka tahiyatu ya kwanza; Mhanafi huinua mara ya kwanza tu, basi. Bukhari aliliandikia jambo hili kijitabu kizima. Ama kunuti ya Alfajiri, ambayo kwa Mshafii imo katika ab'adhi na kwa Mhanafi haimo kabisa, imesimuliwa kwamba Imamu Shafii alisali Alfajiri huko Baghdad karibu na kaburi la Abu Hanifa akaiacha, kwa adabu ya aliyelala hapo. Wako wanaoitilia shaka riwaya hiyo, lakini haikosi maana kwamba wafuasi wa imamu waliisimulia kwa fahari, hawakuiona aibu.

Tukitoka katika mikono tukaingia katika mgongo na paji la uso, tunaingia katika faradhi, na hapa sauti za wabishani hupungua kwa namna ya kushangaza. Rukuu ya Kishafii sharti mtu ainame kiasi ambacho viganja vyake vinaweza kuyafikia magoti, na ukamilifu wake ni mgongo na shingo kulingana sawasawa. Itidali ni kurudi wima kabisa. Sijda ni juu ya viungo saba: paji la uso, viganja viwili, magoti mawili, na matumbo ya vidole vya miguu miwili, paji liwe wazi, lilemee chini kwa uzito wake, na sehemu ya nyuma ya mwili iwe juu kuliko kichwa. Mwenye kuvuta kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi kwa baridi ya asubuhi ya Kitengela, akasujudu juu ya sufi hiyo pasi na sehemu yoyote ya paji kugusa mahali pake, hana sijda kwa madhehebu yake mwenyewe, hata kama mikono yake ilifungwa kwa usanifu uliopita kiasi. Viwiko huinuliwa visitandazwe ardhini kama mbwa anavyotandaza, na mwanamume huvitenga na mbavu. Mwanamke, kwa kauli ya wengi, hujikusanya, na al-Albani hakuona tofauti baina yao.

Kipimo cha utulivu ni kila kiungo kitue mahali pake kwa kadiri ya mtu kusema subhanallah mara moja. Ni kitambo kidogo mno, lakini tazama Adhuhuri ya siku ya soko, malori yamepanga foleni na karatasi za forodha zinangojewa: mtu huinuka kutoka rukuu akiwa nusu wima, tayari anashuka kusujudu, na baina ya sijda mbili hakai bali hudokoa, namna ambayo hadithi imeikataza kwa kuifananisha na kudonoa kwa ndege. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyesali mbele ya Mtume kwa haraka, akaambiwa arudi asali kwani hajasali, akarudi mara tatu, mpaka akaomba afundishwe. Alifundishwa takbira, kisomo, kurukuu mpaka atulie, kuinuka mpaka alingane sawa, kusujudu mpaka atulie, kukaa mpaka atulie. Hakuambiwa neno juu ya kitovu wala kifua. Mtu anayemkaripia jirani yake kwa mikono kisha akadonoa sijda yake ameikosoa sunna ya mwenziwe kwa sala ambayo yeye mwenyewe huenda akadaiwa airudie. Hata Abu Hanifa, ambaye hakuufanya utulivu huo nguzo, aliuhesabu kuwa wajibu, na mwanafunzi wake Abu Yusuf akausogeza hadi faradhi.

Kama magoti yatangulie kushuka au mikono, kwa upande mwingine, ni suali dogo lenye majibu mawili: Shafii, Abu Hanifa na iliyo mashuhuri kwa Ahmad ni magoti kwanza, Malik mikono, na hadithi ya kukatazwa kushuka kama ngamia imetolewa hoja na pande zote mbili. Kukaa nako ni hivyo. Mshafii hukalia mguu wa kushoto katika tahiyatu ya kwanza, na katika ya mwisho huutoa nje akakalia tako. Mhanafi hukalia mguu katika zote mbili. Mmalik hukalia tako katika zote. Mhanbali hutofautiana na Mshafii katika sala ya rakaa mbili tu. Kidole cha shahada Mshafii hukiinua anapofika kwenye illallah, akakituliza, ilhali wengine hukitikisa mpaka mwisho.

Katika safu hizi za mpakani, hata hivyo, miguu huleta ugomvi kuliko vidole vya mikono. Anas amesimulia kwamba masahaba waliunganisha bega kwa bega na wayo kwa wayo. Kijana mmoja huipokea habari hii kwa herufi zake, akatanua miguu mpaka kidole chake kidogo kimkanyage jirani, jirani, aliyelelewa kuacha shibri moja baina ya nyayo zake, hurudisha mguu, kijana humfuata, na kabla ya rakaa ya pili mzee wa watu amesimama miguu yote miwili pamoja kama aliyefungwa kamba, na pengo alilolikimbia limehamia upande wa pili. Mzee akiuliza baada ya salamu, "Mwanangu, ulikuwa wanitafuta nini?" huambiwa, "Sunna, mzee wangu." Makusudio ya habari ile ni kuziba mapengo, na safu iliyozibwa mabegani imezibwa.

Nani basi mwenye mamlaka ya kuamua? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imeyatambua mahakama ya makadhi, lakini imeyawekea mpaka: hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaoiridhia hukumu yake. Mikono haimo. Upande wa pili wa mpaka, Bakwata, baraza la Waislamu wa Tanzania lililoundwa mwaka 1968, lina masheikh wake wa mikoa na wilaya, nao huongoza kwa nasaha. Kwa hiyo hukumu hubaki kwa imamu wa msikiti na wazee wake, na kanuni iliyo bora mikononi mwao ni ile ya kale, kwamba maamuma humfuata imamu katika matendo yanayoonekana bila ya kulazimika kumwiga katika hai'a zake. Mshafii akisali Alfajiri nyuma ya asiyekunuti, akipata nafasi ya kunuti kwa haraka bila ya kuachwa na imamu anakunuti, na asipopata anamfuata; na mwenye kufunga mikono nyuma ya aliyeiachia hakumkhalifu kitu.

Namanga ina masuala mengine ambayo vitabu vya pwani havikuyaandikia mlango mrefu. Kibla hapo ni kaskazini, kwa kupinda kidogo mno upande wa mashariki. Basi abiria wa gari litokalo Arusha kwenda Nairobi huwa ameelekea kibla karibu njia nzima, na mwenziwe aendaye Arusha amekipa kibla mgongo. Kwa sala ya sunna hilo halidhuru, kwani msafiri huruhusiwa kuisali juu ya kipando akielekea aendako, akiinama kwa rukuu na kuinama zaidi kwa sijda. Kwa faradhi hali ni nyingine: kifua sharti kielekee kibla na mwenye uwezo sharti asimame, na kwa kuwa gari husimama Namanga kwa ajili ya pasipoti, udhuru wa aliyesali faradhi kitini hali ametazama Kilimanjaro ni mgumu kuukubali, ilhali msikiti uko karibu na msafiri ana ruhusa ya kuzikusanya na kuzipunguza sala zake.

Na viti vimeingia msikitini kwenyewe. Mtu hutoka sokoni kwa miguu yake, huvuta kiti mwisho wa safu, na husali kuanzia takbira hadi salamu amekaa, kwa sababu magoti yanamuuma anaposujudu. Maumivu ya sijda huondoa ulazima wa sijda tu, hayaondoi ulazima wa kusimama kwa anayeweza kusimama: atahirimia wima, asome Fatiha wima, arukuu kama awezavyo, kisha akae kwa kile kilichomshinda. Asiyeweza kusimama kabisa ndiye akaaye tangu mwanzo, na kukaa chini ni bora kwake kuliko kiti ikiwa anaweza. Akiwa kitini, sijda yake ni kuinama zaidi kuliko rukuu yake, na hapahitajiki meza mbele yake wala kunyoosha viganja hewani, kama wafanyavyo wengi, kana kwamba wanasukuma mlango usioonekana. Viganja hivyo vikibaki juu ya mapaja, viko mahali pake.